Tuyatazame Madimbwi Yetu Kabla Hayajafukiwa

Mtu asafiriye kutoka Arusha kwenda Dodoma au Singida kwa njia ya Babati hukuta hapo njia zikigawanyika. Na hapo, chini ya mlima Kwaraa na karibu na ziwa lenye viboko, mji unakua mwaka hata mwaka. Tangu Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na Babati ikafanywa makao makuu yake, mashamba ya jana yamekuwa viwanja vya leo. Barabara ya lami ya kwenda Dodoma kupitia Kondoa ilizinduliwa mwaka 2018, na watu na mizigo vimezidi. Katika kata za mji huo, Maisaka ikiwa mojawapo, jembe, ng'ombe na matofali vyote vyagombania ardhi ile ile. Hayo ni maendeleo, wala hatuyalaumu.

Lakini liko jambo dogo ambalo ni nadra kutajwa ardhi inapogawanywa, nalo ni dimbwi la mvua. Dimbwi hilo halina jina wala halina mwenyewe. Mvua za Novemba na Desemba zinyeshapo hujaa maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe hunywa, watoto hucheza, na vyura hupiga kelele usiku kucha. Mvua zikwishapo, maji hupungua siku hata siku, na ifikapo Agosti hubaki udongo mweusi uliopasukapasuka, hata mtu aweza kutia mkono katika ufa wake. Mpimaji ajapo wakati huo huandika katika daftari lake: ardhi tupu. Sisi twasema kwamba neno hilo lapasa kuchunguzwa, maana ardhi hiyo pengine si tupu hata kidogo.

Katika madimbwi ya namna hiyo, kutoka Sudan hadi Afrika Kusini, huishi samaki wadogo wa jamii ambayo wataalamu huiita Nothobranchius. Wengi wao hawapiti urefu wa kidole. Dume huwa na rangi za kupendeza, nyekundu, buluu na manjano, hata mtu angedhani ni kipande cha kanga kilichoanguka majini; jike huwa na rangi ya majivu. Aina zilizokwisha kutambuliwa zapita 90, na hapana nchi iliyojaliwa aina nyingi kuliko Tanzania. Wako pwani, wako katika bonde la Rufiji na Kilombero, wako Unguja, na wako katika nyanda kavu za kati, ambako mito yake haifiki baharini bali huishia katika maziwa ya chumvi na mabwawa ya mbugani.

Ajabu ya samaki hawa ni maisha yao. Mvua za kwanza zikilijaza dimbwi, mayai huanguliwa mara. Watoto hukua kwa haraka isiyo na mfano: mabingwa waliotangaza utafiti wao mwaka 2018 waliona huko Msumbiji samaki wa aina moja wakipevuka kwa muda wa siku 14 tu. Toka hapo jike hutaga mayai kila siku katika tope. Kisha jua hulikausha dimbwi, na samaki wote hufa, wazee kwa vijana, asisalie hata mmoja. Mayai peke yake ndiyo yabakiayo, yamefukiwa katika udongo mkavu, yamesimamisha ukuaji wake kama mbegu iliyowekwa ghalani, yakingoja mvua ya mwaka ujao.

Watu wa bara wanamjua kamongo, ambaye hujifungia topeni wakati wa kiangazi hata maji yarudi. Lakini kamongo alalaye ndiye huyo huyo aamkaye. Hawa wa msimu hawalali. Wanakufa kabisa, na kizazi kizima huukabidhi uhai wake kwa mayai yaliyo madogo kuliko punje ya mtama. Wapo wazee wasemao kwamba samaki hao huanguka kutoka mbinguni pamoja na mvua. Msemo huo hauwezi kuchekwa, kwa sababu aliyeliona dimbwi kavu mwezi wa Oktoba na akawaona samaki ndani yake mwezi wa Januari alikuwa na haki ya kutafuta maelezo.

Liko na jambo jingine ambalo mkulima wa nyanda kavu atalielewa upesi kuliko bingwa wa mjini. Mayai hayo hayaanguliwi yote kwa mara moja. Mengine huitikia mvua ya kwanza. Mengine huikataa na kuingoja ya pili. Na mengine huweza kungoja hata msimu mwingine. Sababu yake ni dhahiri. Mvua ya kwanza yaweza kudanganya, ikanyesha wiki moja na kukatika. Mkulima mwenye akili hapandi mbegu yake yote siku ya kwanza, na samaki huyu amekuwa akifuata busara hiyo tangu kabla ya jembe la kwanza kushikwa.

Kwa kuwa dimbwi na dimbwi havikutani ila kwa mafuriko, samaki wa bonde moja hutengana na wenzao kwa muda mrefu mno, hata wakawa aina mbali kabisa. Ndiyo sababu aina moja yaweza kuwa haipatikani popote duniani ila katika bonde moja, na pengine katika madimbwi machache ya bonde hilo. Samaki anayeitwa guentheri, kwa mfano, ni wa Unguja peke yake. Hapo ndipo jambo hili linapoacha kuwa hadithi ya kupendeza na kuwa jambo la kutafakari. Simba wakipungua mahali pamoja, wako mahali pengine. Lakini mtu akifukia madimbwi machache ili ajenge, yawezekana ameondoa duniani kiumbe kizima, asijue kwamba amekiondoa.

Sasa tuulize: ni nani aliyewatambua samaki hawa? Huyo wa Unguja alitangazwa mwaka 1893 na Mjerumani Georg Pfeffer wa Hamburg, kutokana na samaki waliokusanywa na Franz Stuhlmann katika safari yake ya mwaka 1888 na 1889. Mwaka 1905 ilitangazwa aina nyingine, ya nyanda zetu za kati, katika maandishi ya Franz Hilgendorf wa Berlin, ikaitwa neumanni kwa heshima ya msafiri Oscar Neumann. Kazi hiyo haikukoma ukoloni ulipokoma. Mwaka 2014 wataalamu waliichunguza upya jamii ya huyo neumanni, wakaona kwamba samaki waliodhaniwa kuwa wamoja hawakuwa wamoja, wakatangaza aina tatu mpya za Tanzania. Moja imechukua jina la Serengeti, na nyingine jina la Usangu.

Msomaji na alitafakari hilo la Serengeti. Mbuga hiyo imekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Hapana ardhi katika nchi yetu iliyotazamwa, kupigwa picha na kuandikiwa vitabu kuliko hiyo. Hata hivyo ilipita miaka 63 kabla samaki wake wa msimu hajapewa jina lake mwenyewe. Ikiwa katika mbuga itazamwayo na dunia nzima jambo hilo liliwezekana, je, itakuwaje katika bonde la kando ya barabara ambalo hapana mtalii asimamaye kulitazama?

Majirani zetu wa Kenya wametupa funzo jingine. Mwaka 2024 ilitangazwa aina mpya iliyopatikana katika msitu wa Gongoni, pwani ya kusini ya nchi hiyo, ikaitwa sylvaticus, maana yake samaki wa msituni. Waliomtangaza hawakuweza kushangilia, kwa sababu katika maandishi yale yale yaliyompa jina walimwandika kuwa yu katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Ni kama mtoto aandikwaye katika daftari la kuzaliwa na katika daftari la wagonjwa mahututi siku moja. Kosa halikuwa la walioandika. Wao walifika wakati ambapo kilichosalia kilikuwa kidogo.

Wako watakaouliza: samaki asiyejaza hata kijiko, asiyelika wala asiyeuzwa sokoni, ana faida gani kwa mwananchi? Swali hilo ni la haki, nasi hatutalikwepa. Mwaka 1968 walichukuliwa samaki wachache wa jamii hii kutoka Gonarezhou, katika nchi ambayo sasa ni Zimbabwe. Aina yao ilipewa jina la furzeri mwaka 1971. Baadaye wataalamu waligundua kwamba maisha ya samaki hao, hata wakitunzwa katika maji yasiyokauka na kulishwa vizuri, ni ya miezi michache tu, na kwamba katika miezi hiyo huzeeka kama binadamu azeekavyo: rangi hufifia, mgongo hupinda, misuli hulegea, na saratani huota. Mtaalamu atakaye kujua siri ya uzee hawezi kumngoja binadamu miaka 80, lakini aweza kumngoja samaki huyu. Mwaka 2015 wataalamu wa Marekani na wa Ujerumani walitangaza ramani kamili ya chembe zake za urithi, na leo wazao wa samaki wale wa dimbwi la Afrika wanafugwa katika vyuo vikubwa vya Ulaya na Marekani kwa ajili ya uchunguzi wa maradhi ya uzeeni.

Hapana aliyejua jambo hilo mwaka 1968. Kama dimbwi lile lingalifukiwa mwaka mmoja kabla, hapana ambaye angalilia, kwa maana hapana ambaye angalijua alichokipoteza. Usilolijua ni usiku wa giza. Kwa hiyo jibu letu kwa aulizaye faida ni hili: thamani ya kitu ambacho hakijatazamwa haiwezi kupigiwa hesabu, na mwenye busara hauzi sanduku kabla ya kulifungua.

Hata hivyo hatuna budi kuyasikiliza mashaka ya wananchi, kwa kuwa hatusemi na watu wasioyajua maji. Watu wazima wa Babati wanakumbuka mafuriko ya ziwa lao ya mwaka 1990. Mwezi wa Desemba mwaka 2023 tope na mawe vilishuka kutoka mlima Hanang na kuuvamia mji wa Katesh, vikaua watu zaidi ya 80. Mkoa uliozika watu wake namna hiyo hauwezi kuambiwa upende maji yaliyosimama bila kuulizwa yatakwenda wapi. Mama mwenye mtoto mwenye homa naye ana haki ya kuogopa dimbwi kwa ajili ya mbu. Na kijana atafutaye kiwanja hawezi kuambiwa angoje milele kwa sababu ya samaki.

Tuyajibu hayo moja moja. Kwa habari ya mbu, samaki hawa hula viluwiluwi vya mbu, na wataalamu wamewahi kupendekeza watumike katika vita dhidi ya malaria. Dimbwi lenye samaki si sawa na kopo la maji lililotupwa uani. Kwa habari ya mafuriko, bonde lililoachwa wazi hupokea maji ambayo, bonde hilo likijengwa, yataingia sebuleni mwa mtu. Alichokiona mjenzi kuwa ni ardhi tupu mwezi wa Agosti, mvua itamwonyesha mwezi wa Januari kwamba lilikuwa ni ghala la maji. Hapa samaki na mwananchi hawagombani; yule anayemtafuta samaki anamwonyesha mwananchi mahali pasipofaa kujengwa nyumba. Kwa habari ya viwanja, hatusemi kwamba kila dimbwi lihifadhiwe. Twasema kwamba litazamwe kwanza, kisha ndipo uamuzi ufanywe.

Yafaa pia tuonye kwamba nia njema peke yake haitoshi. Yuko awezaye kusikia habari hizi akasema: basi tulichimbe dimbwi liwe lambo lenye maji mwaka mzima, tutie na perege, watu wapate kitoweo. Shauri hilo ni zuri kwa mahali pengine, lakini kwa samaki wa msimu ni mauti. Mayai yao yameumbwa kukaa katika udongo unaokauka, na katika maji yasiyokauka huingia kambale na samaki wengine wakubwa ambao huwala wadogo. Kiangazi, ambacho kwetu ni adui, kwao ni ngome. Ng'ombe anywaye maji dimbwini hana dhara kubwa, na wafugaji wamekaa na samaki hawa siku nyingi. Wanaodhuru ni tingatinga lisawazishalo, kifusi kimwagwacho, dawa za mashambani zinazoteremka na maji ya mvua, na mfereji ukaushao bonde kabla ya wakati wake.

Tena barabara zenyewe zina pande mbili. Mjenzi wa barabara achimbapo kifusi huacha shimo, na maji husimama karibu na makalvati. Mara nyingi samaki wa msimu wameonekana katika mashimo na mitaro ya namna hiyo. Basi barabara yaweza kuua dimbwi moja na kuzaa jingine. Litakalotokea lategemea kama kuna mtu aliyetazama kabla ya kuchimba, na kama kuna aliyetazama baada ya kuchimba.

Hapa ndipo tufikapo kwenye kiini cha shauri letu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari zake kwa mazingira. Wananchi wengi pia wameijua ile kanuni ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Hayo ni mema. Lakini dimbwi la msimu halina ukingo wa kupimwa wakati wa kiangazi. Mtathmini aliyekuja Septemba, gari lake likapita pasipo kukwama, ataandika kwa moyo mweupe kabisa kwamba mahali hapo hapana maji wala samaki. Hakusema uongo. Amekuja tu siku ambayo mwenye nyumba hayuko. Kwa hiyo twaomba jambo moja lililo jepesi: katika nyanda kavu za nchi yetu, tathmini ya bonde lolote lenye udongo mweusi unaopasuka ifanywe mara mbili, mara moja wakati wa kiangazi na mara moja wakati wa mvua. Gharama yake ni safari moja zaidi. Hasara ya kutofanya hivyo hailipiki.

La pili latuhusu sisi wenyewe, wala si la kuisubiri Serikali. Shule za sekondari zafundisha elimu ya viumbe, na wanafunzi wanakariri majina ya wanyama wa nchi ambazo hawatazifikia. Mwalimu awezaye kulichora ini la chura ubaoni aweza pia kuwatoa wanafunzi wake mwezi wa Januari, wakiwa na kimia kidogo na chupa safi ya kioo, wakasimama ukingoni pasipo kuingia majini kwa ajili ya kichocho, wakatazama kilichomo. Wapige picha, waandike tarehe, mahali, kina cha maji na rangi ya udongo, kisha wamrudishe samaki majini. Maandishi hayo wayapeleke kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, ambayo imekuwapo tangu mwaka 1980, au kwa vyuo vikuu vyetu vya Dar es Salaam na Sokoine. Baada ya miaka mitano shule kumi za mkoa mmoja zitakuwa na daftari la madimbwi lisilo na mfano, lililoandikwa na watoto wa mahali hapo.

La tatu ni habari ya heshima na haki. Mkataba wa Kimataifa wa Bioanuwai wa mwaka 1992 unakiri kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya mali yake ya asili, viumbe vyake vikiwamo, na mgeni atakaye kufanya utafiti hapa nchini hupaswa kupata kibali. Lakini mayai ya samaki hawa ni madogo, hukaa miezi katika mboji yenye unyevu kidogo, na kwa sababu hiyo wafugaji wa samaki wa mapambo huko ng'ambo hutumiana kwa posta. Hapana forodha iwezayo kuizuia bahasha ya namna hiyo kwa nguvu peke yake. Ulinzi ulio imara ni ujuzi: kila aina itambuliwe na kuandikwa hapa, vielelezo vyake viwekwe hapa, na mgeni ajapo akute mwenyeji anayejua.

Hatusemi haya kwa kuwachukia wageni waliofanya kazi hiyo. Wao waliloa matope, wakakaa juani, wakaandika. Aliyefanya kazi anastahili sifa yake. Tunachosikitika ni kwamba mwanafunzi wa Babati akitaka kuviona vielelezo vya kale vya samaki wa nyanda zake, hana budi kuvitafuta katika makabati ya Ulaya. Majina ya Kilatini hayafutiki, wala hatutaki yafutwe. Lakini majina yajayo bado hayajaandikwa, na kalamu haijamkataza mtu yeyote kuishika.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mji wa Babati unakua, na utazidi kukua; Maisaka ya miaka 20 ijayo haitafanana na Maisaka ya leo. Viwanja vitapimwa, mitaro itachimbwa, na katika mabonde mengine nyumba zitasimama. Halmashauri na wananchi ndio watakaoamua ni lipi lijengwe na ni lipi liachwe, na uamuzi huo ni haki yao. Ombi letu ni kwamba kabla ya tingatinga la kwanza kushuka bondeni, mvua moja iachwe inyeshe, na mtu mmoja atumwe akatazame.